Sikio likizima ghafla: mitishamba, oksijeni, na kipi kitangulie

Wabongo tulioko Guangzhou, China, tukiumwa, kwanza tunaulizana kwenye grupu la WhatsApp. Sikio langu la kushoto lilipozima asubuhi moja, ushauri ulimiminika: mafuta ya habasoda, maji ya kitunguu saumu, mafuta ya nyonyo ya vuguvugu. Yote ya kudondoshea sikioni. Jamani, acheni. Uziwi wa namna hii uko ndani kabisa, kwenye koklea (sehemu ya ndani ya sikio inayopokea sauti) na neva, na unachodondosha kinaishia kwenye ngoma ya sikio.

Jaribu hivi kabla ya kutoka nyumbani: funga mdomo, uvume "mmmm". Sauti ikielemea upande ulioziba, huenda ni nta tu. Ikielemea upande unaosikia vizuri, shuku neva, umwone daktari wa masikio siku hiyo hiyo.

Hospitali walinipima usikivu, wakanianzishia steroidi, yaani dawa za kutuliza uvimbe, kwa vidonge vya prednisoloni. Hiyo ndiyo dawa ya msingi, na kila siku inayopita bila kuianza inakupunguzia nafasi ya kupona. Mwenye kisukari aseme mapema, maana sukari hupanda.

Oksijeni ikafuata, ya kuvuta ndani ya chemba yenye shinikizo kubwa la hewa. Chemba yenyewe ni kama daladala ya chuma: mnakaa kwenye viti, mlango unafungwa, kila mtu na barakoa yake, shinikizo linapanda hadi mara mbili au mbili na nusu ya hewa ya kawaida. Masikio yanabana kweli kweli. Meza mate, piga miayo, na yakiuma mwambie mhudumu palepale. Simu, kiberiti, mafuta ya nywele, nguo za nailoni, vyote vinabaki nje, kwa sababu penye oksijeni nyingi cheche moja inatosha. Ukiwa na mafua, waambie kabla hujaingia.

Mwongozo wa madaktari wa masikio wa Marekani wa mwaka 2019 unaruhusu oksijeni hii, ila iambatane na steroidi, ndani ya wiki 2 tangu sikio lizime, au ndani ya mwezi 1 kama steroidi hazikufua dafu. Hausemi oksijeni peke yake.

Na mitishamba? China wanatumia sana dawa ya majani ya mti uitwao ginkgo, hata kwa dripu, nami niliwekewa. Mwongozo huo huo haushauri dawa za kuchochea mzunguko wa damu kwa tatizo hili. Kwa hiyo usikivu wangu uliporudi, isipokuwa sauti nyembamba, sikuupa mti sifa. Wapo wengi wanaopona hata bila dawa. Ukitaka kunywa, kunywa baada ya kumwambia daktari, hasa kama unatumia aspirini au warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), kwa kuwa ginkgo inaweza kuongeza hatari ya kutokwa damu.

Hata ukipona, ulizia kipimo cha MRI, picha ya ndani ya kichwa. Mara chache, uvimbe kwenye neva ya sikio hujitambulisha hivi hivi.