Chupa ya maji si ya kostiki

*Tunatengeneza sabuni ya mwani hapa Paje. Maji ya kostiki (ile dawa kali ya kutengenezea sabuni) yanayobaki nayatia kwenye chupa ya maji ya kunywa, naandika SUMU. Inatosha?*

Haitoshi, mama. Mtoto wa miaka miwili hasomi. Anachokijua ni chupa ileile uliyompa jana aliporudi na kiu. Maji ya kostiki hayana rangi wala harufu, atapiga funda kabla hajahisi moto. Na kostiki haiunguzi juujuu: huyeyusha nyama ikazidi kuzama, na kidonda kikifunga, kovu hulibana koo la chakula. Nimekaa na mama aliyekuwa akimnywesha mwanawe uji kwa kijiko cha chai, nusu kijiko kwa nusu kijiko, kwa sababu kingine hakipiti.

Changanya ya siku hiyo tu. Iliyobaki kavu irudi kwenye kopo lake, ndani ya sanduku lenye kufuli. Zaidi ya yote, ile ndoo ya maji ya kostiki mnayoiacha uani ipoe: mtu mzima asiondoke hapo. Mkiitwa kula, mmoja abaki.

*Mjukuu wangu alikunywa jiki. Nilimtapisha kwa kidole, kisha nikampa maji ya ndimu. Nilikosea? (Bibi, Wete)*

Najua ulitaka kumwokoa, bibi, lakini usirudie. Kilichounguza kikishuka huunguza tena kikipanda. Ndimu nayo haizimi kitu, inaweza kuongeza madhara. Msukutue mdomo, ateme, umkimbize hospitali na chupa yenyewe mkononi ili daktari aione. Nenda hata kama mdomoni huoni kidonda, maana koo laweza kuwa limeungua huku ulimi ni mzima.

*Dawa ya chooni ikimrukia jichoni?*

Maji safi, papo hapo, dakika 20 kwa kutazama saa, si kwa kukisia. Bomba likiwa limekatika, mimina kwa kata. Mlaze kwa upande wa jicho lililoingia dawa, fungua kope kwa vidole, hata akilia. Ndipo hospitali. Maziwa ya mama usitie.

*Mwanangu amemeza betri bapa ya saa, lakini anacheza tu. Nisubiri aitoe chooni?*

Usisubiri, ondoka sasa hivi apigwe picha. Ikikwama kooni huanza kuunguza ndani ya saa 2, huku mtoto anacheza. Na vitu vya kuchezea mnavyonunua sikukuu, kabla hujampa geuza uangalie: kifuniko cha betri kisichofungwa kwa skrubu, rudisha dukani.