Usiishi Brooks kama Mpita Njia

Ndugu wengi wanaozungumza Kiswahili huniuliza kuhusu kuhamia Brooks, mji mdogo katika jimbo la Alberta nchini Kanada, ulioko karibu kilomita 190 kusini-mashariki mwa Calgary. Maswali yao kwa kawaida ni ya mshahara, ya baridi na ya kodi ya nyumba. Ni maswali ya haki kwa mtu anayebeba familia, lakini liko jingine ambalo ningependa lije mapema zaidi: nikifika huko nitakuwa nani katika mji huo? Nimeishi hapa miaka ya kutosha kuona kwamba anayejipatia jibu la swali hilo mapema huishi vizuri kuliko anayeliahirisha, hata kama wawili hao wanafanya kazi moja na kupokea mshahara uleule.

Anza kwa kujifunza mji huu umetoka wapi, kwa sababu ukidhani kwamba historia yake ilianza siku wakimbizi wa Kiafrika walipofika, utaamini kuwa wewe peke yako ndiye mgeni. Nyanda hizi ni nchi ya wenyeji wa asili, watu wa Siksika na ndugu zao wa jamii ya Blackfoot, waliotia saini na serikali mkataba wa ardhi uitwao Mkataba wa 7 mwaka 1877, na utapita karibu na ardhi ya Siksika unapokwenda Calgary kwa barabara kuu. Kabla ya hapo, kati ya 1857 na 1860, msafara uliotumwa kutoka Uingereza chini ya John Palliser ulikuwa umeripoti kwamba sehemu hii ya kusini ni kavu mno, haifai kwa kilimo. Reli ilipita mwaka 1883, na baadaye kampuni ya reli, ikitaka kuwauzia walowezi mashamba, ikaleta maji kwa nguvu: bwawa la Bassano lilikamilika mwaka 1914, pamoja na mfereji wa zege wa urefu wa kilomita 3.2, ulioinuliwa juu ya nguzo ili maji yavuke bonde. Mfereji huo uliacha kufanya kazi mwaka 1979, lakini bado umesimama nje kidogo ya mji. Nawasihi wanaofika wapya wapeleke watoto wao wakauone kabla hawajawapeleka kwenye maduka makubwa ya Calgary. Mtoto akisimama chini ya nguzo zile anaelewa kwamba kila tone la maji analokunywa hapa lililetwa na watu waliotoka mbali, ambao wengi wao hawakuwa na uhakika kama wangedumu. Wengine kweli hawakudumu. Waliobaki ndio ambao mwaka 1935 waliyachukua maji hayo mikononi mwao kupitia chombo cha wakulima wenyewe, Eastern Irrigation District, kinachoendesha umwagiliaji hadi leo.

Badiliko lililotuleta sisi lilianza katikati ya miaka ya 1990, kiwanda kikubwa cha nyama cha hapa kilipopanuliwa na kuongezewa zamu. Mji uliokuwa na watu karibu 10,000 mwaka 1996 haukuweza kukijaza kiwanda kinachohitaji wafanyakazi zaidi ya 2,000, na vijana wa hapa walikuwa na kazi za mafuta na gesi zilizolipa vizuri zaidi. Ndipo wakaja watu wa Sudan, Somalia na Ethiopia, baadaye Wafilipino, kisha Wakongo na Warundi wengi wao wakiwa wamepitia makambi ya Kigoma kama mimi. Leo mji una wakazi karibu 15,000, na ukisimama kwenye foleni ya posta utasikia lugha ambazo miaka 40 iliyopita hakuna mtu hapa aliyepata kuzisikia.

Sasa nije kwenye kazi, kwa sababu ndiyo inayowaleta wengi. Kazi ya kisu katika laini ya nyama ni ya halali na imewasomesha watoto wengi, lakini ni lazima uijue kabla hujaikubali. Unasimama mahali pamoja kwenye baridi ya ndani, mkono mmoja umevaa glovu ya nyaya za chuma, wa pili umeshika kisu, na unakata mkato uleule kwenye kipande kilekile mpaka king'ora cha mapumziko kilie. Siri ya kwanza ambayo wazoefu watakufundisha ni kunoa. Kisu butu hukulazimisha kutumia nguvu za bega, na bega likichoka kazi yote inahamia kwenye kifundo cha mkono. Asubuhi, vidole vya mtu mwenye miezi michache kazini hukataa kufunguka. Nimewaona vijana wenye afya wakiloweka mikono kwenye beseni la maji ya moto kabla ya kuweza kushika kikombe cha chai. Wengi hunyamaza wakiogopa kuonekana wavivu. Usinyamaze. Ganzi au maumivu yakianza, mweleze msimamizi wako siku hiyohiyo na umwone daktari, kwa maana sheria ya Alberta inamtaka mwajiri apeleke taarifa kwenye bodi ya fidia ya wafanyakazi ndani ya saa 72 tangu apate habari ya jeraha lako, na maumivu yasiyoandikwa popote ni vigumu kuyadai baadaye. Mjue pia mwakilishi wako wa chama cha wafanyakazi. Mkataba wa kwanza wa pamoja katika kiwanda hiki ulipatikana mwaka 2005, baada ya mgomo wa wiki tatu hivi ambao Waafrika walikuwa mstari wa mbele. Haki unazozikuta leo zililipiwa na watu waliosimama barabarani Oktoba, msimu ambao upepo wa nyanda hizi umeshaanza kuuma.

Mtu asiweke maisha yake yote kwenye mlango mmoja. Mwaka 2012, bakteria aina ya E. koli walipopatikana kwenye nyama, kiwanda kilifungwa kwa wiki kadhaa, na mji mzima ukashika tama: mwenye nyumba, mwenye duka, kanisa na msikiti. Majira ya kuchipua ya 2020 korona ikaenea hapa kwa kasi kubwa. Kwa hiyo, tangu mwezi wa kwanza, jiandikishe kwenye madarasa ya Kiingereza yanayolipiwa na serikali kuu, ukijua kwamba nafasi hiyo ni ya wakazi wa kudumu na huisha mtu akishapata uraia. Mwenye kufanya zamu ya jioni asome asubuhi. Najua uchovu wake, na bado nasema asome, kwa kuwa Kiingereza ndicho kinachomtoa mtu kwenye kisu na kumpeleka kwenye udereva wa malori, uuguzi, useremala au ofisi.

Kuhusu baridi sitasema mengi. Kipimajoto kinaweza kushuka hadi nyuzi 30 chini ya sifuri, kisha upepo wa joto kutoka milimani ukayeyusha theluji kwa siku moja. Nunua matairi ya msimu wa baridi kabla ya kununua televisheni, na usishangae ukiona waya wa umeme unaning'inia mbele ya magari: huchomekwa ukutani usiku ili injini isigande. Bila gari maisha hapa ni magumu, kwa hiyo leseni ya udereva iwe miongoni mwa mambo yako ya kwanza.

Kijana mmoja aliyetoka kambi ya Nyarugusu, huko Kigoma, aliniuliza, wiki chache baada ya kufika, "Mwalimu, huku mtu anakaa miaka mingapi kabla ya kuondoka?" Hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amesikia kwa waliomtangulia kwamba Brooks ni mahali pa kukusanyia fedha, kisha mtu huhamia Calgary au Edmonton. Nilimjibu, "Mwanangu, kaa kama mtu asiyeondoka, hata kama utaondoka." Wazee wetu walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na kinachotuumiza wengi hapa ni kwamba tunasubiri jembe tupewe wakati limeegemezwa pale ukutani, na mtu yeyote anaweza kulichukua. Mji mdogo una nafasi nyingi ambazo hakuna anayezigombea: mwalimu wa mpira wa watoto, mjumbe wa kamati ya wazazi shuleni, msaidizi wa maktaba, mpokeaji wa wageni kwenye kituo cha wahamiaji. Katika jiji kubwa ungepanga foleni ili usikike. Hapa meya utakutana naye akinunua maziwa.

Tuwe wakweli pia kuhusu wenyeji waliotutangulia. Wapo waliotupokea kwa mikono miwili, na wapo ambao mabadiliko yamewauma: marafiki waliohama, kanisa lililokuwa likijaa na sasa lina wazee wachache, kodi za nyumba zilizopanda kiwanda kilipoongeza zamu. Huzuni ya namna hiyo si lazima iwe chuki, na sisi tuliopoteza vijiji vyetu tunapaswa kuwa wa kwanza kuitambua. Jirani yangu mzee, mkulima mstaafu, alikuwa akiniinulia mkono tu kwa muda mrefu, mpaka nilipomuuliza habari za maji ya shamba lake. Tangu siku hiyo mazungumzo yetu hayajakatika. Nenda uwanjani kutazama timu ya mji, Brooks Bandits, hata kama huelewi mpira wa magongo wa barafuni, maana ndipo mji unapokutana wakati wa baridi, na kila mtu atakukumbusha kwamba Cale Makar alichezea hapa kabla ya kwenda ligi kuu.

Kuingia katika mji hakumaanishi kuacha vyetu. Kwenye friji za duka la Kiafrika kuna sombe, yaani majani ya muhogo, iliyotwangwa na kugandishwa, rafuni kuna dagaa na unga wa muhogo, na juu ya kaunta kuna karatasi za matangazo ya misiba, harusi na michango zilizoandikwa kwa Kiswahili. Mtoto atumwe huko mara kwa mara, aagize kwa Kiswahili, arudishiwe chenji kwa Kiswahili.

Lililobaki ni uraia, na hapa nawasihi mno. Mkazi wa kudumu hapigi kura, hata ile ya madiwani wanaoamua kuhusu mabomba, barabara na nyumba za mtaa wako. Mwenye kutimiza siku 1,095 nchini ndani ya miaka mitano anaweza kuomba uraia, na wenye umri wa miaka 18 hadi 54 huonyesha kuwa wanajua Kiingereza au Kifaransa, jambo ambalo Mkongo aliyesoma kwa Kifaransa asilisahau hata kidogo. Wakati unasubiri, mikutano ya baraza la mji iko wazi kwa kila mkazi. Keti nyuma, sikiliza, jifunze nani anaamua nini. Uchaguzi wa serikali za miji Alberta hufanyika Oktoba kila baada ya miaka minne. Ulifanyika 2025 na utakaofuata ni wa 2029. Tunza pasi yako, andika tarehe za safari zako zote za nje ya nchi, na usiache ombi lako lilale kabatini baada ya siku kutimia, ili Oktoba hiyo ikukute na haki ya kuchagua diwani, au ya kugombea mwenyewe.