Mwanao Anakwenda Bweni: Mfundishe Kusema Kabla Hujamnunulia Tranka

Msimu wa fomu za kujiunga ukifika, wazazi hunipigia kuuliza mambo yaleyale: godoro la inchi ngapi, tranka au begi, ndoo moja au mbili. Nawajibu yote. Kisha na mimi huwauliza langu: binti yako anaweza kumfuata usiku mtu mzima asiyemzoea, akamwambia "naumwa hapa"? Wengi hunyamaza kidogo kabla ya kujibu.

Mimi ni matroni wa mabinti wa kidato cha kwanza katika shule binafsi mkoani Kilimanjaro, na ni mama wa mtoto aliyesoma bweni. Mtoto anayejua kusema humaliza mwaka salama hata kama tranka lake ni la kuazima. Anayeninyima usingizi ni yule mpole asiyesumbua, mnayemsifia kwa majirani. Bwenini watu wazima tuko wachache na watoto ni wengi. Asiyesema tunamhesabu kuwa ni mzima.

Nikupe mfano. Kuna binti aliletwa Januari, wakati huo vyoo vikiwa nje ya bweni. Alikuwa anaogopa giza. Akajiamulia mwenyewe kutokunywa maji tangu mchana ili usiku asiamke, na uji wa saa nne akawa anamwachia mwenzake. Waliokaa naye meza moja walidhani hapendi uji tu. Nilikuja kujua asubuhi moja aliposhindwa kuinuka kitandani, mwili unawaka, haja ndogo inamchoma. Hospitali walikuta maambukizi ya njia ya mkojo. Alitibiwa akapona. Nilipomuuliza kwa nini hakuniambia, alinijibu kwa sauti ya chini: "Mama alisema nisiwasumbue walimu."

Mzazi, neno hilo usimpe mwanao siku ya kumuaga. Mwambie akiumwa, akiogopa, akiona damu, akiibiwa, amsumbue matroni, hata iwe saa nane za usiku. Niko pale kwa ajili hiyo. Na aanze mazoezi nyumbani. Mkienda zahanati, mwache yeye amweleze daktari, wewe kaa kimya. Mtume duka la dawa akaulize mwenyewe. Akishindwa mara ya kwanza, mrudishe kesho yake.

Mabinti wengi wanavunja ungo wakiwa kwetu, kwa hiyo mfungashie pedi hata kama bado, na umwonyeshe namna ya kuzitumia. Nimewakuta watoto wamejifungia bafuni wakilia, wakiamini wana ugonjwa mkubwa. Kama ana pumu, selimundu au kifafa, uniambie siku ile ile ya kwanza, uniachie dawa pamoja na maelezo ya daktari. Wapo wazazi wanaoficha wakihofia mtoto kukataliwa nafasi. Nawaelewa, lakini usiku pumu ikibana, siri hiyo inamwangukia mtoto peke yake.

Vifaa nitavipitia haraka. Kufuli la tranka liwe imara, na ufunguo wa akiba ukae kwangu. Jina lishonwe kwa uzi kwenye sweta, shuka na hata soksi, maana wino hufutika baada ya kufuliwa mara chache. Ongeza sweta la pili, Juni na Julai huku kuna baridi kweli. Pesa ya matumizi ikae ofisini. Na mfundishe kufua sweta kwa mikono yake, kulikamua na kulianika lisivutike. Aliyezoea kufuliwa na dada wa nyumbani huteseka bombani saa kumi na moja alfajiri, huku foleni nyuma yake inapiga kelele.

Februari ndiyo ngumu zaidi. Ugeni umekwisha, likizo iko mbali, na simu wanafunzi hawaruhusiwi kuwa nazo, kwa hiyo atakupigia kwa simu ya matroni mwisho wa wiki. Atakuambia, "Mama, njoo unichukue." Usimkaripie, wala usikimbilie kuwasha gari. Msikilize vizuri. Kukumbuka nyumbani kuna tabia yake: kunakuja jioni na Jumapili mchana, kunahusu chakula cha nyumbani na mdogo wake, na mchana ukimwona anacheza na wenzake. Kadiri wiki zinavyokwenda kunapungua. Hofu haiko hivyo. Hofu inaambatana na mtu fulani, mahali fulani, saa fulani. Mtoto anakwepa kutaja jina, anaomba kuhamishwa kitanda bila sababu, anaacha kuoga na wenzake, alama zinashuka ghafla. Ukisikia hivyo, nenda shuleni mwenyewe, siku hiyo hiyo ukiweza, ukae naye mbali na masikio ya watu, mimi nikiwemo. Uongozi ukikupiga danadana, piga 116, namba ya bure ya kusaidia watoto nchini. Mfundishe na yeye namba hiyo, aikariri.

Kwenye simu, acha kumuuliza "unakula vizuri?" Atajibu "ndiyo" na mazungumzo yameisha. Muulize nani analala kitanda cha juu yake, mezani anakaa na nani, wiki hii zamu yake ya usafi ni wapi, nani alimchekesha. Majina yakianza kutoka, ujue ameanza kupata watu. Akikosa jina hata moja hadi Machi, nipigie tuzungumze.

Siku ya kumpeleka, usiishie getini na kwenye ofisi ya mhasibu. Omba kuingia bwenini. Angalia kama kuna milango miwili, na kama usiku inafungwa kwa nje. Ikifungwa, kataa, hata kama umeshalipa ada. Angalia nondo za madirisha, nafasi kati ya kitanda na kitanda, na uulize ufunguo unakaa kwa nani usiku. Sisi watu wa Kilimanjaro hatujasahau Shauritanga, kule Rombo, ambako Juni 1994 moto wa bweni uliua wasichana zaidi ya 40. Septemba 2024, kwa jirani zetu Kenya, moto wa bweni uliua watoto 21 wa Hillside Endarasha, shule binafsi ya Nyeri. Walikuwa wamelala. Usione haya kuonekana mzazi msumbufu, na binti yako akikuona unauliza bila woga, naye atajifunza kuuliza.

Mwaka 2023 serikali ilipozuia bweni kwa watoto wa awali hadi darasa la nne, wazazi wengi walilalamika, hasa wanaofanya kazi mbali. Mimi niliunga mkono na bado naunga. Mtoto wa miaka saba akiguswa vibaya hana hata maneno ya kulieleza jambo lililompata. Wa miaka 13 anaweza kuwa nayo, kama tumempa.

Siku ya kutembelea watoto, kama huwezi kuja, mwambie wiki moja kabla. Kinachomuumiza ni kukaa chini ya mti tangu asubuhi akitazama geti. Mtume shangazi, au mwombe mzazi mwingine amkalishe na wanawe. Na pilau alile palepale. Akilifungia kwenye tranka hadi kesho, usiku wa pili mimi nina foleni ya matumbo. Karanga na biskuti zinatosha.

Likizo ya Juni mwache alale, tuisheni ingoje walau wiki moja. Utamwona amebadilika: anaosha sahani yake bila kuambiwa, anakula haraka, labda anaficha mkate chumbani. Mengi ya hayo ni mazoea ya bwalo na yatapita. Usimcheke, kaa naye jikoni mpike pamoja, mazungumzo yatakuja yenyewe.

Kuanzia Septemba watoto huchoka, ugomvi na wizi mdogo mdogo huongezeka. Novemba kidato cha pili na cha nne wako kwenye mitihani ya taifa, shule nzima inatembea kwa kunyata, na wadogo wanaweza kusahaulika kabisa. Mwezi huo piga simu mara nyingi zaidi ya kawaida.

Akirudi Desemba, mpe siku tatu nne, kisha muulize mkiwa wawili tu kama anataka kurudi, na kama hataki, kwa nini. Muulize kabla hujalipa ada ya kidato cha pili, ili jibu lake liweze kubadilisha kitu.