Istilahi za kanuni: zamu, raundi na ngazi

SWALI: Naandika kanuni za mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika. Kila tunapoujaribu, wachezaji wanabishania maana ya "ngazi" na "zamu". Je, nibuni maneno mapya kabisa?

JIBU: Usibuni. Wachezaji husahau maneno mageni katikati ya pambano, na utakuwa umewapa msamiati wa kukariri bure. Tatizo lako ni neno moja kubeba kazi mbili. Hata Dungeons & Dragons, mchezo wa aina hiyo hiyo uliotoka 1974, una kasoro hiyo: mchawi wa ngazi ya 5 hupata uganga wa ngazi ya 3, na mgeni lazima achanganyikiwe. Acha "ngazi" kwa mhusika, uganga uupe "daraja".

Zamu iwe nafasi ya mchezaji mmoja. Raundi ikamilike kila mmoja akishapata zamu yake. Kisha taja mwenye zamu. "Athari hudumu hadi mwisho wa zamu" italeta ugomvi. Andika "hadi mwisho wa zamu ijayo ya aliyeshambulia".

Angalia pia namba. Kwa dadu ya pande 20, "12 au zaidi" ni nafasi 9 kati ya 20, yaani asilimia 45. "Zaidi ya 12" ni asilimia 40. Chagua mtindo mmoja, kitabu kizima.

Mwisho, mpe ukurasa mmoja mtu asiyeujua mchezo, aendeshe pambano bila wewe kufungua mdomo. Neno atakalouliza maana yake, lirekebishe.