Wasomaji Wanauliza: Wageni Wadogo Waondoke na Nini?

SWALI: Binti yangu anatimiza miaka minne na tumealika watoto 12. Keki na mapambo vimeshamaliza fedha. Nilitaka kununua vile vidude vya plastiki vya jumla, niweke vitano vitano kwenye kila mfuko wa zawadi. Je, kuna njia ya gharama nafuu zaidi? (Mama wa binti mmoja)

JIBU: Ipo, mama, na inaanza kwa kuachana na hivyo vidude vitano. Filimbi hupasuka, pete hupotea kabla mtoto hajafika kwao, na kwa kawaida ni kimoja tu kati ya vitano ndicho kinachogombaniwa. Mtoto wa miaka minne anatosheka na kitu kimoja, mradi kichezeke kwa siku kadhaa. Pika unga wa kuchezea. Sufuria moja inawatosha wote 12.

Pima vikombe 2 vya unga wa ngano, kikombe 1 cha chumvi laini, vikombe 2 vya maji, vijiko 2 vya chakula vya mafuta ya kupikia na vijiko 2 vya maji ya limau. Kikombe kiwe cha mililita 250. Koroga vyote vikiwa baridi mpaka mabuje yaishe, ndipo uinjike kwenye moto mdogo, na mwiko usipumzike. Mwanzoni utaona uji tu. Baadaye utaanza kushika chini, kisha ghafla utajikusanya kama ugali na kuachana na kuta za sufuria. Minya kipande kidogo: kikinata vidoleni, hakijaiva.

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanaepua mapema, kisha wanajaribu kuuokoa kwa kuongeza unga mbichi, na kesho yake donge linakatikakatika. Dawa ni kuurudisha motoni dakika moja au mbili. Ukiwa umezidi kukauka, ukande kwa matone machache ya maji na mafuta kidogo. Chumvi usiipunguze kwa kubana matumizi, maana ndiyo inayozuia unga usioze. Na isiwe ya mawe, kwa sababu haiyeyuki yote na itakwaruza viganja.

Kwa rangi tatu, gawa donge mafungu matatu, bonyeza shimo katikati ya kila fungu, tia matone ya rangi ya chakula, kunja na ukande. Vaa glavu, la sivyo utapokea wageni na mikono ya bluu. Ila watoto wa umri huu huweza kulizana kwa ajili ya pinki, kwa hiyo ukitaka amani, tia rangi moja kwenye maji tangu mwanzo na wote wapate sawa.

Kata madonge 12, kila moja likizidi yai la kuku kidogo. Yafunike kwa kitambaa chenye unyevu mpaka yapoe kabisa, ndipo uyatie kwenye makopo yenye vifuniko. Ukifunga yakiwa na joto, mvuke hugeuka maji chini ya kifuniko, unga unateleza, na baada ya siku chache unaota ukungu. Andika juu ya kopo: “Si chakula. Una ngano na chumvi nyingi.” Kuna watoto wenye mzio wa ngano, na chumvi hiyo ni hatari kwa mbwa akiula.

SWALI: Wageni wawili wana mwaka mmoja na nusu. Nao wapewe unga?

JIBU: Hapana, wataula. Wape mpira laini unaozidi ngumi ya mtu mzima, au kikombe kigumu cha plastiki chenye jina la mtoto. Kipimo chepesi cha nyumbani ni lile bomba la karatasi ya choo: chochote kinachopita ndani yake hakimfai mtoto aliye chini ya miaka mitatu.

Baluni zisizojazwa na vipande vya zilizopasuka zisiingie kwenye mfuko wa mtoto yeyote. Hata wa miaka saba anaweza kukabwa nazo. Na vile vidude vinavyowakawaka vyenye betri ya kitufe viacheni dukani. Betri hiyo ikimezwa na kukwama inaweza kuunguza koo la chakula ndani ya saa mbili.

SWALI: Nimetengeneza maji ya mapovu kwa sabuni ya vyombo, lakini mapovu yanapasuka hata kabla hayajatoka kwenye duara la kupulizia. Nimekosea wapi?

JIBU: Pengine sabuni ni kidogo, au umeyatikisa. Changanya sehemu 1 ya sabuni ya maji na sehemu 6 za maji, uongeze kijiko kimoja cha glisarini kwa kila lita. Ikikosekana, tumia sukari. Vyote viwili huchelewesha maji kukauka kwenye ngozi ya povu. Koroga polepole, maana povu likijaa juu, duara halishiki utando safi. Acha yalale usiku mzima.

Chupa zijazwe robo tatu, kisha zigeuze kichwa chini kwa dakika tano kabla ya kuzigawa. Kifuniko kinachovuja ni afadhali ukijue wewe kuliko begi la mgeni. Duara liwe la waya uliofunikwa ncha. Mrija hatuupendi kwa wadogo, kwani wengi huvuta badala ya kupuliza.

SWALI: Niandae mangapi, na nigawe saa ngapi?

JIBU: Ongeza mawili au matatu juu ya idadi uliyoalika, kwa sababu wadogo zao huja pia. Gawa mlangoni, mtoto akiwa ameshavaa viatu. Ukigawa kabla ya keki, makopo yatafunguliwa hapo hapo na unga utaishia kwenye zulia.