Mtambo wa Ajabu Katika Kijiji cha Tauni

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, ninaandika hadithi ya wasafiri wa wakati wanaofika Eyam, kijiji cha Uingereza kilichokumbwa na tauni mwaka 1665, wakakuta mtambo uliofichwa na viumbe wa sayari nyingine. Je, mtambo huo uwe ndio chanzo cha ugonjwa?
Msomaji, Majengo, Moshi

JIBU: Ndugu msomaji, nakusihi usifanye hivyo. Inasimuliwa kuwa tauni iliingia Eyam na vitambaa vyenye viroboto vilivyotoka London kwenda kwa fundi nguo, na hadi mwisho wa 1666 walikuwa wamekufa watu wapatao 260. Wanakijiji, wakiongozwa na kasisi William Mompesson na mwenzake Thomas Stanley, walikubali kujifungia ili wasiwaambukize majirani, na ukiwabebesha lawama wageni wa angani utaupunguzia uamuzi huo mzito heshima yake.

Mtambo ufiche mpakani, chini ya jiwe lenye vishimo vilivyotiwa siki, ambamo wanakijiji waliacha sarafu za kulipia chakula walicholetewa. Hapo wasafiri watabanwa kwelikweli, kwa kuwa kuufukua ni kuhatarisha mpaka unaowalinda watu wa nje. Kumbuka pia kwamba bakteria wa tauni alitambuliwa na Alexandre Yersin mwaka 1894 tu, kwa hiyo atakayewalaumu viroboto hatasadikiwa.

Mmoja wa wasafiri mfanye muuguzi aliyehudumu Lushoto, ambako tauni ilizuka mwaka 1980. Huyo ataitambua mitoki ya wagonjwa kabla hajauona mtambo.