Ushauri kwa Makarani Wapya wa Usajili: Kidole, Jicho au Uso?

Ninyi mnaoanza kazi ya kusajili watu kwa njia za kibayometria, yaani kumtambua mtu kwa alama za mwili wake, hapa Lamu, fahamuni jambo ambalo mimi nilichelewa kulielewa: mashine hulinganisha taswira mbili na kutoa kiwango cha kufanana kwake, kisha kizingiti, yaani kiwango cha chini cha kukubaliwa, kilichowekwa na binadamu ndicho huamua kama mtu atakubaliwa. Kizingiti kikipandishwa, wenye haki hukataliwa. Kikishushwa, wasiostahili hupenya. Hakuna njia iliyoepukana na mvutano huo.

Nimetumia zaidi alama za vidole. Vifaa vyake ni vya bei nafuu, na michirizi ya vidole, ambayo huundwa mtoto akiwa bado tumboni, hutofautiana hata kwa pacha wanaofanana sura. Hata hivyo, michirizi kuwepo ni jambo moja na kusomeka ni jambo jingine. Wakata mawe wa Manda, wakata boriti mikokoni na wavuvi wanaovuta kamba tangu utotoni huja na vidole vilivyosagika, wazee huja na ngozi kavu, na bibi harusi huja na hina na piko ambazo zinaweza kukivuruga kisomaji. Namkumbuka mzee mmoja mvuvi aliyerudishwa mara tatu katika kituo nilichokuwa nikifanya kazi, kila mara akiambiwa akaoshe mikono, mpaka akatuuliza kama tunamshuku kuwa yeye siye. Swali lile liliniumiza, kwa sababu kosa lilikuwa letu: tulimng'ang'ania gumba la kulia, ilhali kidole cha pete cha mkono wa kushoto, tulipokijaribu hatimaye, kilisomeka papo hapo. Basi sajilini vidole vyote kumi, futeni kioo baada ya kila mtu, na kidole kikavu kilowesheni kidogo kabla ya kukihukumu. Kumbukeni pia kwamba wako wazee waliosimuliwa na baba zao habari za kipande cha enzi ya ukoloni, kitambulisho ambacho wanaume Waafrika walilazimishwa kutembea nacho, kilichobeba alama za vidole. Kwa hiyo elezeni kwanza mnachokichukua na sababu yake.

Airisi, yaani duara la rangi linalozunguka mboni, husomwa kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho, na ndiyo sababu macho ya kahawia iliyokoza kama yetu huonyesha nakshi zake waziwazi. Mama aliyevaa nikabu anaweza kusajiliwa bila kufunua uso, faida ambayo kwa mji huu naiona kubwa. Kifaa chake ni ghali, na ugonjwa wa macho huweza kukitatiza. Mradi wa utambulisho wa taifa wa India, Aadhaar, huchukua vidole kumi, airisi mbili na picha ya uso, na nauona mpango huo kuwa wa busara, kwa sababu panaposhindikana hapa pana pengine pa kukimbilia.

Uso hunitia wasiwasi zaidi, ingawa simu nyingi zina kamera. Mwaka 2019 taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iligundua kuwa programu nyingi zilikosea kwa kuwafananisha watu tofauti, na makosa hayo yalikuwa mengi zaidi kwa watu wa Afrika Mashariki na Magharibi kuliko kwa wale wa Ulaya Mashariki. Sauti iacheni, kwani mafua na upepo wa kusi huiharibu. Kuhusu DNA, Mahakama Kuu ya Kenya ilizuia kukusanywa kwake katika mpango wa taifa wa usajili ulioitwa Huduma Namba, Januari 2020.

Tofautisheni pia kuthibitisha na kutafuta. Tuseme mashine hukosea mara moja katika ulinganisho 100,000. Kumlinganisha mtu na rekodi yake mwenyewe hakuna hofu kubwa. Lakini mkimtafuta katika rekodi 1,000,000, tarajieni majina kama 10 yasiyo yake. Jina lililotoka kwenye mashine lisimfanye mtu mshukiwa kabla binadamu hajalikagua.

Fomu ya mtu aliyeshindikana kusomwa iwe mezani kabla ya wa kwanza kufika, na msimamizi aisaini siku hiyo hiyo, ili aliyetoka Kiunga kwa mashua asilipe nauli mara ya pili.